Antena Ndefu za Porini: Wateja Hulipia Redio, Wanabania Ufungaji

Land Cruiser nyingi zinazotoka Arusha alfajiri kuelekea Makuyuni na hifadhi za kaskazini hubeba antena fupi ya VHF, kama nusu mita hivi. Inawatosha madereva kuambizana simba amelala wapi. Gari linalokwenda Katavi, Moyowosi au vitalu vya uwindaji vya kusini lina shida nyingine. Linahitaji redio ya HF, yenye fimbo ya mita mbili hadi tatu iliyosimama kwenye ngao au bampa la nyuma, inayoweza kumfikia mtu aliye mamia ya kilomita bila mnara wala setilaiti.

Soko la antena hizi ni dogo: kampuni za uwindaji, waendeshaji wa kambi za mbali, mashirika ya misaada, na wasafiri wachache wanaovuka bara kwa magari yao. Lakini lina pesa. Redio mpya ya aina hii pamoja na antena inayojirekebisha yenyewe hugharimu maelfu ya dola. Mteja akishatoa fedha hizo, mara nyingi hufika gereji akiwa na haraka na mfuko umekauka, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Naamini kwamba katika biashara hii ufundi wa kufunga una thamani kubwa kuliko redio yenyewe, na haulipwi inavyostahili.

Redio nyingi za magari ya namna hii zimetoka Australia. Codan ilianza Adelaide mwaka 1959, na Barrett ya upande wa Perth ilinunuliwa na Motorola Solutions mwaka 2022. Si bahati nasibu. Nchi ile ina majangwa mapana, na huduma yake ya madaktari wa ndege, iliyoanza mwaka 1928, ilitegemea redio za Alfred Traeger zilizozungushwa kwa pedeli. Kwetu Afrika Mashariki huduma kama hiyo ilianzishwa mwaka 1957, ile tunayoiita leo AMREF, nayo ikaunganisha hospitali za misheni kwa redio. Baadaye zikaja kambi za wakimbizi: Dadaab mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992, Nyarugusu mwaka 1996. Magari meupe ya mashirika ya misaada yakamwagika, mengine yakiwa yameshafungwa redio na kampuni kama Toyota Gibraltar, ambayo kazi yake ni kuandaa magari ya mashirika. Mradi ukiisha, gari hupigwa mnada, na si ajabu kuiona Land Cruiser mikononi mwa mtu binafsi ikiwa bado na kitako cha antena kwenye ngao.

Sasa tuingie gereji. Kwa redio ya megahezi 7, wimbi moja lina urefu wa mita 43 hivi, kwa hiyo antena ya robo wimbi ingekuwa na zaidi ya mita 10. Hakuna gari linalobeba fimbo hiyo. Fimbo ya mita mbili na nusu hufanya kazi kwa sababu ya koili au tyuna iliyo chini yake, na kwa sababu bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ambayo wateja wengi hawayajui. Wanaiona fimbo, hawalioni bati.

Na bati la gari la kitalii limeshachezewa sana. Chesisi imeunganishwa ili kuongeza viti, paa la chuma limekatwa na kuwekwa la faibaglasi linalonyanyuka. Ngao nayo imepakwa rangi nzito, imefungwa kwa bolti zilizopakwa rangi vilevile. Fundi akikaza kitako juu ya rangi hiyo, mteja ataona antena imesimama vizuri, redio itawaka, na sauti haitafika popote. Fundi makini hukwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili za bolti. Huweka wosha yenye meno, kisha utepe mpana wa shaba iliyosukwa, mfupi iwezekanavyo, kutoka kitako hadi kwenye bodi na chesisi. Halafu hupaka grisi kuzuia kutu. Baada ya hapo huunganisha boneti, milango na ekzosi kwa tepe nyingine, maana kila kipande kinachoning'inia peke yake huleta kelele. Ni kazi ya siku nzima, na gari likitoka hakuna kinachoonekana.

Umeme nao una masharti yake. Redio ya wati 100 hadi 125 inapotuma huvuta hadi ampea 20 na zaidi, hivyo waya mnene hutoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi karibu kabisa na betri. Kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ni kuomba moto. Na abiria waambiwe wasiguse fimbo redio inapotuma, kwani inaunguza.

Setilaiti zimekuja kwa nguvu. Starlink ilifika Rwanda na Kenya mwaka 2023, na kambi yenye intaneti haina hamu ya kusubiri zamu ya redio ya saa kumi na mbili jioni. Nakubali kuwa wateja wa HF watapungua. Lakini HF haina bili ya kila mwezi, na ujumbe mmoja husikika na magari yote kwa pamoja. Kinachotakiwa ni leseni ya masafa kutoka kwa msimamizi wa mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya au UCC kwa Uganda.

Gereji zinazotaka kubaki sokoni zitenge bei ya ufungaji na bei ya redio kwenye ankara. Zimkabidhi mteja karatasi yenye vipimo vya SWR, yaani jinsi antena inavyoipokea nguvu ya redio bila kuirudisha, kwa kila masafa aliyoruhusiwa, pamoja na jina la kituo cha mbali kilichomsikia kabla gari halijatoka getini. Mteja naye asilipe malipo ya mwisho bila karatasi hiyo, na gari lirudishwe kukazwa bolti baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi.