Elektroni Inapong'oka: Eksirei Huzaliwaje na Hufanya Nini Mwilini

Wakazi wa Uriri, kwenye barabara kuu inayotoka Rongo kupitia Awendo hadi mji wa Migori, wanaijua eksirei kwa mambo mawili hasa: mfupa uliovunjika, kwa mfano katika ajali ya bodaboda, na kikohozi kisichokoma. Picha anayoisoma daktari hutokana na jambo dogo mno, yaani kung'oka kwa elektroni kutoka katika atomu, na jambo hilohilo ndilo linaloeleza kwa nini mionzi hii huhitaji uangalifu.

Atomu ni chembe ndogo sana yenye kiini katikati na elektroni zinazokizunguka kwa matabaka. Ndani ya mashine mna bomba lililoondolewa hewa, na upande mmoja wa bomba hilo uzi wa tangsteni, metali iliyotumika pia katika balbu za zamani, hupashwa moto hadi ukatoa elektroni, ambazo huvutwa na umeme wa volti 50,000 hadi 120,000 na kugonga kipande cha tangsteni kilicho upande wa pili. Elektroni inayopita karibu na kiini hupinda na kupunguza mwendo, na nishati inayopoteza hutoka ikiwa mwale wa eksirei. Nyingine huing'oa elektroni ya tabaka la ndani, kisha elektroni ya tabaka la juu hushuka kujaza pengo na kuachia mwale wake. Takriban asilimia 99 ya nishati huishia kuwa joto, ndiyo maana huchaguliwa tangsteni, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,400 za Selsiasi. Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895.

Mwale unapoingia mwilini, huweza kupita moja kwa moja, kutawanyika baada ya kugonga elektroni, au kumezwa na atomu kwa kuing'oa elektroni ya ndani. Kumezwa huku hutegemea sana idadi ya protoni, yaani chembe zenye chaji chanya, katika kiini: kalsiamu ya mifupa ina protoni 20, ilhali oksijeni, iliyo nyingi katika maji na nyama, ina 8 tu, kwa hiyo gramu ya kalsiamu humeza miale takriban mara 15 ya gramu ya oksijeni. Ndiyo maana mbavu huonekana nyeupe, mapafu yaliyojaa hewa huonekana meusi, na kifua kikuu mara nyingi hujidhihirisha kama wingu jeupe katika sehemu ya juu ya pafu.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako maambukizi ya virusi vya Ukimwi ni mengi na huzidisha hatari ya kifua kikuu, wingu hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulitumia eksirei pamoja na maswali kuhusu dalili, na picha ziliwabaini wagonjwa ambao maswali peke yake yangewaacha. Hata hivyo, kwa mwenye virusi hivyo picha huweza kupotosha, hivyo makohozi hayana budi kupimwa.

Elektroni iliyong'oka yaweza pia kuharibu vinasaba, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya seli, na ingawa seli hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, kosa linalobaki huweza, kwa nadra, kuzaa saratani baada ya miaka mingi. Picha moja ya kifua humpa mtu takriban milisiveti 0.1 (kipimo cha dozi ya mionzi), kiasi kinacholingana na mionzi ya asili ya siku kumi hivi. Mjamzito anapaswa kusema mapema, na mhudumu hujikinga kwa madini ya risasi yenye protoni 82, au kwa kusogea mbali, kwa kuwa umbali ukiongezwa maradufu mionzi hupungua hadi robo. Swichi inapozimwa, miale hukoma papo hapo na haibaki mwilini. Kwa hiyo mwenye kikohozi kisichokoma asiiogope picha ambayo daktari ameona inahitajika.