MTOTO WA MBWA ANAPOHARISHA



Katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, kama Nakivale na Kyangwali, kuna familia zilizotoka Kongo, Rwanda na Burundi ambazo hufuga mbwa. Hawafugi kwa anasa. Nyumba yenye mlango wa turubai haina kufuli, na mbuzi mmoja akiibwa usiku hasara yake huonekana mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akipewa mtoto wa mbwa na jirani, humpokea kwa furaha, na baada ya siku chache hukuta mtoto huyo anaharisha, amelala pembeni, hataki kula. Wengi humwacha wakisema atapona mwenyewe. Wengine humpa dawa yoyote iliyomo ndani ya nyumba. Njia zote mbili huua watoto wa mbwa wengi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mtoto wa mbwa si mbwa mkubwa aliyepunguzwa. Mwili wake una akiba ndogo sana ya maji na ya sukari. Mbwa mkubwa anaweza kuharisha siku tatu akanyanyuka. Mtoto wa kilo 2 anayeharisha na kutapika leo asubuhi anaweza kufa kesho jioni. Kwa hiyo usihesabu siku, bali saa.

Mtazame kwanza

Kabla ya kutafuta dawa, kaa naye kidogo umtazame. Je, bado anacheza? Akiitwa anakuja? Kama anacheza, anakunywa maji, na choo chake ni laini tu bila damu, mara nyingi sababu ni chakula. Watoto wengi wa mbwa huondolewa kwa mama wakiwa na majuma manne, wakati walistahili kunyonya mpaka majuma manane hivi. Siku hiyohiyo hupewa ugali wa jana na maharage, na tumbo lisilozoea haliwezi.

Sababu nyingine ni maziwa ya ng'ombe, ambayo watu huyatoa kwa nia njema. Maziwa ya ng'ombe yana sukari ya maziwa nyingi kuliko ya mbwa, na mafuta yake ni machache kuliko ya mbwa. Sukari ile isiposagwa tumboni huvuta maji, na mtoto huharisha. Ukiacha kumpa, mara nyingi kuhara nako hukoma.

Kwa mtoto kama huyu tiba ni chakula. Kama amezidi majuma manane, mnyime chakula kwa saa nne mpaka sita, si zaidi, lakini maji safi yawe mbele yake wakati wote. Aliye mdogo kuliko hapo usimfungishe njaa hata kidogo, maana sukari ya mwili itakwisha, atatetemeka na kuzimia. Kisha pika wali laini sana, au uji mzito wa mchele, uchanganye na yai lililochemshwa au nyama kidogo isiyo na mafuta. Usitie chumvi, mafuta, pilipili wala kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mpe vijiko vichache mara tano au sita kwa siku. Choo kikikaza, endelea siku mbili tatu, ndipo umrudishie chakula cha nyumbani polepole. Ule unga wa uji wa lishe unaotolewa kwa watoto na akina mama wajawazito si wa mbwa. Mtoto wako ndiye aliyeandikiwa.

Maji ya kumrudishia uhai

Vuta kwa vidole ngozi iliyo juu ya mabega, kisha iachie. Kwa mtoto mwenye afya hurudi mara moja. Kwa aliyekaukiwa husimama kidogo kama hema. Lakini mtoto aliyekonda sana ngozi yake inaweza kukudanganya, kwa hiyo mwangalie na fizi. Fizi nzuri ni nyekundu hafifu na zina unyevu. Fizi zinazonata kidole zimekauka. Zilizo nyeupe zina hatari zaidi, na tutaeleza sababu yake hapa chini.

Mtengenezee maji ya sukari na chumvi: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usibadilishe vipimo hivyo, maana chumvi ikizidi huua. Onja kwanza, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Maji haya hayakai zaidi ya siku moja; yanayobaki yamwage. Pakiti za maji ya kuhara zinazotolewa kituo cha afya ziache ziwe za watoto wa watu. Hazitoshi kila mara, na mchanganyiko wa nyumbani humfaa mbwa vilevile.

Mpe kijiko kimoja cha chai kila baada ya robo saa. Utaona ni kazi ya kuchosha, na kweli inachosha, lakini piga hesabu: kijiko cha chai ni mililita 5, kwa saa 10 ni vijiko 40, yaani mililita 200, karibu kikombe kimoja. Kwa mtoto wa kilo 2 kiasi hicho si kidogo. Ukimpa kikombe hichohicho kwa mara moja atakitapika chote. Watoto wa nyumbani wanaweza kusaidiana zamu kumchukulia maji, lakini kumnywesha iwe kazi ya mtu mzima. Mtoto wa mbwa awe amesimama au amelala kifudifudi, kichwa hakijainuliwa sana, na maji yaingizwe pembeni mwa shavu. Usimlaze chali kama mtoto mchanga, maana maji yataingia mapafuni. Aliyezimia asinyweshwe kitu; mpake asali au sukari yenye maji kidogo kwenye fizi, umfunike kitambaa kikavu, na umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kama kila kijiko kinarudi, acha kumnywesha. Huyo anahitaji maji ya kudungwa chini ya ngozi au kwenye mshipa, na kazi hiyo ni ya mtu aliyesomea.

Kabla hujagusa mdomo wake

Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Mtoto wa mbwa anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza, ambaye sauti yake imebadilika, au aliyekuwa mpole na sasa anauma vitu ovyo, huenda hana ugonjwa wa tumbo. Kichaa cha mbwa huwapata hata watoto wa miezi miwili au mitatu. Watu wengi hudhani kuna mfupa umekwama kooni, wakaingiza mkono kuutafuta, na mate yakaingia kwenye mchubuko wa kidole. Usiingize mkono. Mfungie mahali pasipofikiwa na watoto, na umwite ofisa wa mifugo.

Mtu aliyeumwa, aliyeparuzwa, au aliyelambwa penye jeraha, aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wake mwenyewe. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Chanjo ikianza mapema huzuia. Majani, kitunguu saumu na jiwe la kunyonya sumu havizuii chochote.

Minyoo

Tukirudi kwenye tumbo, adui wa kawaida kuliko wote ni minyoo. Wafugaji wengi hushangaa: mtoto hajala kitu kichafu, ameipata wapi? Ameipata kwa mama yake. Minyoo midogo hulala ndani ya nyama ya mbwa jike bila kumsumbua. Akishika mimba huamka na kupita kwenda kwa watoto tumboni, na mingine hupita katika maziwa. Kwa hiyo mhesabu kila mtoto wa mbwa kuwa amezaliwa na minyoo, hata kama hujaiona.

Minyoo mirefu kama tambi humpa mtoto tumbo kubwa gumu huku mbavu zikihesabika. Huharisha, hutapika, na pengine hutapika minyoo yenyewe. Aina ya pili ni safura, midogo kama uzi, ambayo hung'ata utumbo na kunyonya damu. Choo huwa cheusi kama lami, na fizi huwa nyeupe. Mtoto mwenye fizi nyeupe amepungukiwa damu na anaweza kufa katika muda mfupi. Huyo asisubiri siku ya soko. Vipande vidogo kama punje za mchele karibu na mkundu ni tegu, linaloletwa na viroboto, na halina haraka kama hizo mbili.

Dawa ya minyoo ya mbwa hutolewa akiwa na majuma mawili, kisha manne, sita na manane, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Mama naye apewe. Kama umempata akiwa mkubwa kidogo, anza ulipo. Kipimo hutegemea uzito, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kukisia. Mtie ndani ya mfuko imara au ndoo, umpime kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi, uondoe uzito wa ndoo, na umpelekee muuzaji wa dawa za mifugo hesabu hiyo. Usikubali kupimiwa kwa macho dawa ya sindano ya ng'ombe. Ziada ndogo tu inaweza kumdhuru vibaya mnyama wa kilo 1. Dawa za watu kama paracetamol, ibuprofen na diclofenac, pamoja na vidonge vya kufunga tumbo, usimpe kabisa.

Sasa, kwa nini karatasi ya habari za kambi inashughulika na minyoo ya mbwa? Kwa sababu watoto wetu hucheza mavumbini. Mayai ya minyoo ile mirefu hutoka na choo cha mtoto wa mbwa, na mtoto wa mtu akiyala kwa vidole vichafu, minyoo huanguliwa na kuzunguka mwilini: huenda ini, mapafu, na mara nyingine jicho. Imekwisha kupofusha macho ya watoto katika nchi nyingi. Lakini kuna jambo la kutia moyo. Mayai hayo yakitoka hayawezi kumwambukiza mtu siku hiyo. Huhitaji kama majuma mawili au zaidi ardhini kabla ya kuwa na nguvu, na yakishakomaa yanaweza kuishi udongoni miaka. Basi anayezoa choo cha mbwa kila siku kwa jembe na kukifukia mbali na kisima, na mbali na bustani ya mboga, huwa ameyatoa uani kabla ya kuwa hatari. Vilevile itawapunguzia kero majirani Waislamu, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Mfunge mbwa wako asizurure kwenye vyombo vyao vya maji.

Kuhara damu

Mtoto wa majuma sita mpaka miezi sita anayetapika mfululizo, kisha akaharisha damu yenye harufu mbaya sana, na akakataa hata maji, mara nyingi ana ugonjwa uitwao pavo. Virusi vyake vilitambulika mwaka 1978 na vikaenea duniani kote kwa muda mfupi. Havimwambukizi binadamu, lakini mbwa kwa mbwa huenea haraka, hata kwa viatu na ndoo. Hakuna dawa inayoua virusi hivyo ndani ya mwili kwa uhakika ambayo utaipata kwa urahisi dukani. Kinachookoa ni maji ya mshipani, joto, na daktari wa kuzuia vijidudu vingine, na hata hivyo wengine hufa. Ukiona damu, nenda siku hiyo. Kesho huwa mapema kwa kaburi.

Chanjo ya pavo ipo. Huanza majuma sita mpaka manane na kurudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka manne hadi afikie majuma kumi na sita, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama huizuia chanjo ya kwanza isishike. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu. Uliza ofisi ya mifugo ni lini kuna kampeni, maana wakati wa kampeni chanjo ya kichaa mara nyingi hutolewa bure, ile ya pavo mara nyingi hulipiwa.

Mtoto wa mbwa akifa kwa kuhara damu, usimtupe mtoni wala chooni. Mfukie kina kirefu, uchome matambara aliyolalia, na uoshe sakafu na vyombo kwa sabuni kwanza, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, ile wengi huita jiki: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 30 za maji, iachwe dakika 10. Kwenye uwanja wa udongo dawa hiyo haifanyi kazi vizuri, na virusi vinaweza kukaa humo mwaka mzima. Kwa hiyo ukipewa mtoto mwingine wa mbwa kabla ya mwaka kwisha, mwombe mwenye mama amkalie mpaka amalize chanjo, ndipo umchukue.