Simu ikizama ziwani, nyumbani kunabaki nini?

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, bei ya dagaa hufika kabla ya dagaa wenyewe. Magunia bado yako katikati ya maji, ndani ya boti linalotoka visiwani, lakini mama aliyeyaanika huko Ukerewe au Kome ameshaambiwa na dalali wake gunia linakwendaje asubuhi hiyo. Boti likishafunga, wapagazi wakishusha na mnunuzi wa Kongo akikubali bei, fedha inarudi kisiwani kwa simu. Ushuru, nauli ya mzigo, deni la chumvi na mkopo wa turubai la kuanikia, vyote vinalipwa hapohapo kwa simu. Noti unazoziona zikipita mkononi ni za mama lishe na za vijana wanaobeba.

Hayo ni ya sokoni. Nyumbani ndiko simu ilikojaa zaidi. Humo mna salio la wiki, umeme wa LUKU, ada ya mtoto, hisa za kikoba, mchango wa msiba wa jirani, picha ya cheti cha kuzaliwa, picha ya kadi ya kliniki na sauti ya babu aliyefariki mwaka juzi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata, kile kilichokuwa kikikaa chini ya godoro kimehamia taratibu mfukoni mwa mtu mmoja.

Kurasa za familia, huu ukiwa mmojawapo, zimeandika sana kuhusu simu kama chanzo cha ugomvi: nani kapekua ya nani, nani kafuta ujumbe, kwa nini kioo kinalazwa chini. Hayo leo tuyaache. Kuna swali jingine ambalo nyumba nyingi za kando ya ziwa hazijaliuliza: simu ina mwenyewe mmoja, lakini yaliyomo ni ya nyumba nzima. Isiporudi, au mwenyewe asiporudi, itakuwaje?

Kwa mtu wa Dodoma swali hilo linaweza kusubiri. Kwa watu wa ziwa halisubiri. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, simu za mkononi zilikuwa na miaka miwili tu Tanzania, na wenye nazo walikuwa matajiri wachache wa mjini. Abiria walizama na mizigo na fedha taslimu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018 karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikitokea Bugolora siku ya gulio, mambo yalikuwa yamebadilika kabisa. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha, wengi wao wakitoka kuuza na kununua, katika miaka ambayo mauzo ya gulioni yalikuwa yameshaanza kusafiri ndani ya laini.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, Kayenze, manispaa ya Ilemela. Baba ni nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Mama anakaanga samaki na kuwauza barabarani. Binti mkubwa amemaliza kidato cha sita na anataka kuomba chuo. Simu kubwa ni ya baba.

Tuanze na lililo jepesi. Usiku mmoja wimbi linapiga, simu inachomoka kwenye mfuko wa nailoni na kwenda chini. Baba anarudi salama. Hapo hasara ni ya chombo tu, na fedha iko palepale. Watu wengi bado hawaamini hili, kwa hiyo nilirudie: fedha haikai ndani ya simu wala ndani ya laini. Simu ni mlango. Salio liko kwenye mfumo wa kampuni, na fedha yenyewe imehifadhiwa benki. Baba ataazima simu ya jirani, apige huduma kwa wateja wafunge laini, kisha aende dukani na namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20, aweke kidole, apewe laini mpya yenye namba ileile. Shida itampata yule ambaye laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Tangu Januari 20, 2020, ulipoisha muda wa kusajili kwa alama za vidole, wapo waliosajiliwa na shemeji, na tajiri wa mtumbwi au na kijana wa mwavuli aliyekuwa karibu siku hiyo. Siku ya kurudisha laini, kidole kinachotakiwa ni cha huyo mtu, na huenda yuko Mpanda.

(Kama simu imeokolewa majini, izimwe mara moja na isichajiwe ili kuijaribu. Mchele hauna dawa yoyote. Mpelekee fundi aifungue na kuikausha, mchele upikeni.)

Kisichorudi ni kile ambacho hakikuwekwa kwingine. Nahodha ndiye mtunza hesabu wa mtumbwi: kijana yupi amekopeshwa kiasi gani kabla ya mgao, tajiri amekata mafuta ya safari ngapi, dalali wa Kirumba amebakiza malipo ya magunia mangapi. Zamani hayo yaliandikwa kwenye daftari lililolowa dagaa. Siku hizi yamo kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp na picha za vikaratasi. Simu ikizama, mdaiwa ana kumbukumbu na mdai hana. Unajua nani atashinda.

Sasa tuje kwenye zito. Baba hakurudi.

Usiku ule wa kwanza nyumbani kuna mambo mawili yanayohitaji fedha, jeneza na chakula cha waombolezaji, na fedha iko kwenye laini ya marehemu. Kama mama anazijua zile tarakimu nne za siri, na laini au simu imebaki nyumbani, mara nyingi atatoa. Simlaumu mjane anayefanya hivyo usiku wa msiba. Lakini ajue anachokiingia. Kampuni za simu huchukulia salio la marehemu kama benki zinavyochukulia akaunti yake: mwenye haki ya kulishughulikia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na kabla mahakama haijasema lolote, ukoo utakuwa umesema. Arobaini haijafika, mdogo wa marehemu anauliza fedha ya mauzo ya mwezi iko wapi, na mama hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alitoa kiasi kadhaa, zikanunua mbao, sanda na mchele.

Njia iliyonyooka ni ndefu lakini inapitika. Ukoo unakaa kikao na kuandika muhtasari unaompendekeza msimamizi. Cheti cha kifo kinatafutwa RITA. Vyote vinapelekwa mahakama ya mwanzo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha uteuzi unatolewa. Hati hiyo ndiyo inayopelekwa kwa kampuni ya simu. Maji yakikataa kutoa mwili, hatua ya cheti inakuwa ngumu zaidi. Muda huo wote laini imelala, na laini inayolala kwa miezi huweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Kuna watu wamepiga namba ya marehemu baba yao ikapokewa na mgeni.

Ni muhimu kusema pia kwamba si kila kilichomo ni mali. Humo mna madeni. Mikopo midogo ya kubonyeza, ile ya kukamilisha muamala salio lisipotosha, inafuatana na laini. Simu ya mkopo inajifunga yenyewe malipo yakikatika, iwe mwenyewe yu hai au amekufa.

Je, dawa ni mume na mke kupeana namba za siri? Nimesikia wengi wakishauri hivyo, hata makanisani na kwenye vikao vya kuwafunda maharusi. Mimi sikubali. Namba ya siri ikijulikana na wawili, siku fedha ikipotea hakuna anayejua nani kaitoa, na kampuni haitakusikiliza. Kinachotakiwa kujulikana nyumbani siyo ufunguo. Ni orodha ya vyumba. Mama ajue mume ana laini ngapi na zimesajiliwa kwa jina la nani, yuko kwenye vikoba vipi, nani anamdai na yeye anamdai nani. Baba naye ajue hivyohivyo kuhusu mama, kwa sababu wanawake wanaoanika dagaa wanazungusha fedha nyingi kuliko waume zao wanavyodhani. Fedha ya kikundi ikae kwenye akaunti ya kikundi. Huduma kama M-Koba, iliyoanza mwaka 2019, inafaa hapo kwa sababu fedha haitoki bila viongozi kuidhinisha. Mweka hazina akifa, kikundi hakifi naye.

Binti wa nyumba yetu ya mfano ana mtego wake, na wala hauhusiani na maji. Nyumbani hakuna kompyuta. Anakwenda steshenari, tuseme Igoma au Nyegezi, kijana wa pale anamfungulia barua pepe, anamhakikia cheti cha kuzaliwa RITA, anamjazia maombi ya mkopo ya HESLB na ya chuo, anachapa fomu, analipwa, kwaheri. Nywila ameitunga kijana. Barua pepe ya kurejesha nywila ni ya kijana. Wakati mwingine hata namba ya simu iliyoandikwa ni ya kijana, kwa sababu binti hakuwa na laini yake. Wiki sita baadaye ujumbe unakuja kwamba kiambatisho fulani kina kasoro na kirekebishwe kabla dirisha halijafungwa. Unakuja kwa nani? Kijana ameshahamia Geita kwenye dhahabu. Mwaka mzima wa binti unaweza kupotelea hapo, na hakuna aliyemwibia kitu.

Anayempeleka mtoto steshenari akae naye mpaka mwisho. Barua pepe iwe ya mtoto, nywila aitunge mtoto na aiandike mwenyewe, namba iwe ya mzazi mwenye laini ya jina lake. Nyaraka zilizopigwa picha zitumwe kwenye barua pepe hiyohiyo, ili zisifutwe kwenye mashine ya mtu.

Akishafika chuoni, pale Malimbe au kwingineko, atahitaji kompyuta mpakato, na familia itauza ng'ombe au itasubiri giza mbili za dagaa ili kuinunua. Ikija likizo, kompyuta hiyo inageuka ofisi ya nyumba: mama anaandikiwa hesabu za samaki, mdogo anaangalia filamu, mjomba anataka barua ya kuomba kibali. Haya ni mazuri. Ila kompyuta hiyo bila bando la simu ni kabati, na intaneti inayoingia humo inakula bando haraka kuliko simu, hasa mashine inapojisasisha yenyewe bila kuuliza. Mzimie hiyo kazi ya kujisasisha aifanyie chuoni.

Tukirudi majini, simu haibebi hatari tu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na ndio wakati ziwa hili lina hasira. Mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, upepo wa pande zote unakutana juu ya maji yenye joto, na radi na dhoruba hujengeka kabla ya alfajiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa Ziwa Victoria, na katika makundi ya WhatsApp ya wavuvi unasambazwa pamoja na vichekesho. Aliye pwani mwenye intaneti ndiye anayeuona mapema. Aliye majini mara nyingi hana intaneti, ila ana mtandao wa kupiga na kupokea kwa sehemu fulani ya safari.

Ndiyo maana nawapenda wavuvi wanaokwenda kazini na kitochi. Simu kubwa, yenye laini ya fedha, picha na hesabu, inabaki nyumbani imefungwa kwa namba yake. Kitochi chenye laini ya pili kinakwenda ziwani: chaji inakaa siku kadhaa, tochi ipo, na mama akiona utabiri mbaya anapiga humo. Kikizama, kinazama na muda wa maongezi wa shilingi mia chache.

Kabla ya kununua laini hiyo ya pili, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoifahamu, nenda duka la kampuni husika ikafutwe. Na wale wa “mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma namba hii” wanaripotiwa kwa kutuma namba yao kwenda 15040, bure. Huwa wanapenda sana nyumba zenye msiba.