Damu ya mwezi ikipita kiasi

Kila mara ukurasa huu unaandika juu ya kofia, buti na mashimo yanayobomoka. Leo tunaingia nyumbani, kwa jambo ambalo wanaume hulinyamazia na wanawake huliita desturi.

Mwanamke mwenye afya huona mwezi siku 3 hadi 7. Damu yote anayopoteza kwa kawaida haipiti mililita 80, ndiyo vijiko vya chai 16. Hakuna atakayeipima kwa kijiko, basi tuangalie alama. Kitambaa kinalowa chote kwa saa moja au mbili. Usiku anaamka kubadilisha. Yanatoka mabonge makubwa kama kizibo cha chupa. Siku 7 zinapita na damu bado inatoka. Halafu inakuja kizunguzungu, moyo unapiga mbio akipanda kilima na ndoo ya maji, na jirani wanasema mama huyu ni mvivu. Si mvivu. Amepungukiwa damu.

Hapa kwetu Ituri malaria na minyoo vinapunguza damu pia, kwa hiyo mama hupewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani, bila mtu kumwuliza habari ya mwezi wake. Sababu nyingine ni uvimbe katika kizazi, au mimba inayoharibika. Lakini iko sababu moja inayosahauliwa sana: damu yenyewe haigandi vizuri.

Damu ikitoka, chembe ndogo hukimbilia kwenye kidonda kukiziba, na protini fulani huzishika kama gundi. Moja ya protini hizo ina jina la munganga wa Finland, Erik von Willebrand. Mwaka 1924 aliletewa mtoto wa kike wa miaka 5 kutoka visiwa vya Åland, aliyetoka jamaa yenye watu wengi wa kutoka damu. Mwaka 1926 aliandika habari za ugonjwa ule. Msichana yule baadaye alikufa kwa damu ya mwezi wake wa nne.

Ugonjwa huo unarithiwa na wanaume na wanawake sawasawa. Katika uchunguzi uliofanywa zaidi Ulaya na Amerika, karibu wanawake 13 kati ya 100 wenye damu nyingi ya mwezi walikutwa nao. Na ule mwingine, hemofilia, ambao watu husema ni wa wavulana tu? Mama au dada anayeubeba anaweza kutoka damu naye. Ndiyo maana Siku ya Hemofilia Duniani, 17 Aprili, mwaka 2025 iliwekwa kwa ajili ya wanawake na wasichana.

Mama akisema, «Hata mama yangu alikuwa hivi, na nyanya pia», wengi hutulia. Sisi tunaona hapo ndipo pa kushtuka. Muulize tena: pua inatoka damu mara nyingi? Alipong'olewa jino damu ilikatika? Ngozi inapata alama nyeusi bila kupigwa? Alipozaa, damu iliendelea kupita kiasi?

Kipimo cha wingi wa damu ni chepesi. Kipimo cha ile protini hakipatikani kila hospitali, lakini munganga akisikia habari hizo anaweza kuanza kusaidia. Iko dawa ya asidi traneksamiki, iliyovumbuliwa Japani na mama Utako Okamoto na bwana yake, wakaitangaza mwaka 1962. Hupunguza damu ya mwezi. Vidonge vya uzazi wa mpango husaidia pia. Vidonge vya chuma hurudisha damu (ndiyo, chuma, madini yetu yanaingia hata tumboni!), ila usivimeze na chai. Maumivu yakija, acha aspirini na ibuprofeni, maana huzidisha kutoka damu, paracetamol inafaa.

Mwenye mimba aseme mapema, asingoje uchungu. Watu wa Boga wanajua kwa nini: Juni 2021 hospitali yao ilishambuliwa, ikaporwa, na sehemu yake ikachomwa moto. Damu ya kuongezewa haiko karibu kila siku, na njia ya Bunia ni ndefu kwa mtu anayetoka damu.

Bwana, ukimpeleka bibi yako, andikeni kwenye karatasi tarehe mwezi ulipoanza na ulipokwisha kwa miezi mitatu, na idadi ya vitambaa kwa siku. Akiwa wa kupasuliwa au kung'olewa jino, semeni kabla munganga hajashika chombo.