Samaki wa Ziwa Tanganyika anayelelewa na mama asiye wake

Katika Ziwa Tanganyika, linalozungukwa na Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, yupo samaki wa jamii ya gogogo asiyelea watoto wake mwenyewe.

Samaki huyo mwenye sharubu na madoadoa meusi, ambaye jina lake la kisayansi ni Synodontis multipunctatus, hupatikana katika ziwa hilo pekee.

Malezi huwaachia samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu wa perege, ambao majike wao huatamia mayai kinywani.

Hadaa wakati wa kutaga

Sikilidi jike anapotaga huyaokota mayai yake upesi yasije yakaliwa. Wakati huo huo gogogo huvamia, hula baadhi ya mayai hayo na kutaga ya kwao. Kwa haraka aliyo nayo, jike huyazoa yote pamoja.

Mayai ya gogogo huanguliwa mapema zaidi. Vifaranga wake huwala vifaranga wa mwenyeji humo humo kinywani. Mama aliyevumilia njaa kwa siku nyingi hatimaye huwatoa wana wa mwingine.

Mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alieleza tabia hiyo mwaka 1986. Ukiwaacha ndege, kama vile kekeo, hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kutegemea njia hiyo pekee kulea watoto wake.

Kinga yenye gharama

Hata hivyo sikilidi wa Tanganyika hawakukaa kimya. Utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Jamhuri ya Czech, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa wao huvamiwa kwa kiwango kilicho chini mara 3 hadi 11 kuliko sikilidi wasiowahi kuishi na gogogo huyo.

Siri yao ni kuyatema mayai ya kigeni. Lakini katika kufanya hivyo hutema pia baadhi ya mayai yao wenyewe. Waliowahi kuvamiwa ndio hujilinda vyema zaidi, ishara kwamba samaki hao hujifunza.

Kinga hiyo ni zao la vizazi vingi vya kuishi pamoja. Sikilidi wa maziwa mengine hawanayo, na gogogo huyo akihamishiwa huko, atawakuta hawana ulinzi.