Ramani ya maoni bila maswali haisaidii: Ongeza haya

Mtu akifungua ramani mtandaoni na kuweka alama Maganzo, amesema jambo moja tu: mahali. Haijulikani kama analalamikia kisima kilichokauka, barabara iliyokatika au tope lililoingia shambani. Wala haijulikani ni lini. Anayeisoma hana pa kuanzia.

Hapo ndipo dodoso linapohitajika: maswali machache yanayofunguka mtu anapoweka alama.

Kwa wakazi wa Kishapu hili si jambo la kinadharia. Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, ulibomoka. Tope likasambaa hadi vijiji vya jirani, vikiwemo Ng'wanholo na Nyenze. Tukio kama hilo likitokea, kila kaya ina hasara yake: mmoja nyumba, mwingine shamba, mwingine maji ya kunywa. Alama tupu haiwezi kutofautisha.

Inafanyikaje?

Moja ya programu zinazotumika ni Ushahidi, iliyoanzia Kenya Januari 2008 wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Wananchi walituma taarifa kwa SMS na mtandao, zikaonekana kwenye ramani.

Msimamizi wa ramani huingia kwenye mipangilio, hufungua sehemu ya madodoso, kisha huongeza swali moja moja. Kwa kila swali huchagua aina ya jibu: maandishi, namba, tarehe, picha au orodha ya kuchagua. Pia huamua swali lipi ni la lazima.

Uliza nini?

Maswali matano yanatosha: Nini kimetokea? Lini? Kimeathiri watu wangapi? Bado kinaendelea? Kuna picha?

Tumia majibu ya kuchagua pale inapowezekana. Ukiuliza "maji yalikuwa mengi?", kila mtu atajibu kivyake. Uliza "yalifika kwenye kifundo, goti au kiuno?" na majibu yatalinganishika.

Epuka swali lenye jibu ndani yake, mfano "mgodi umekuharibia nini?" Uliza kwanza kilichoharibika, halafu chanzo anachokijua mhusika.

Ramani ikishaanza kutumika

Hapa wengi huteleza. Ukibadilisha swali katikati, majibu ya zamani na mapya hayatalingana tena. Liache la zamani lilivyo, ongeza jipya chini yake. Kumbuka pia kwamba taarifa zilizotumwa awali hazitakuwa na jibu la swali jipya, hivyo usihesabu ukimya huo kama "hapana".

Linda mtoa taarifa

Kwenye mji mdogo, alama juu ya paa la nyumba inatosha kumtaja mtu hata bila jina. Ushahidi inaruhusu kuficha jina la mtumaji na mahali kamili, na kukagua taarifa kabla haijaonekana kwa wote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kama namba ya simu haihitajiki, usiiombe. Kama inahitajika, mweleze mtu ni ya kazi gani na upate ridhaa yake.

Wenye kiswaswadu je?

Fomu ya mtandaoni inawaacha nje wasio na simu janja, na wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma. Suluhisho ni kijana wa kitongoji anayepita nyumba kwa nyumba, anauliza kwa Kisukuma na kujaza kwa niaba yao. Kabla ya hapo, jaribu dodoso kwa watu watano. Wakikwama kwenye swali, lirekebishe.

Mwisho, kubalianeni mapema nani atasoma majibu na kila baada ya muda gani, kisha matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Watu wakijibu mara mbili bila kuona kinachofanyika, mara ya tatu hawatajibu.