DAWA BILA JINA, KIZAAZAA!

Wiki hii naomba tuweke kando habari za disko na mapenzi, tuchonge kidogo kuhusu vile vibahasha vya kaki tunavyopewa madukani tukinunua dawa. Unavijua. Unaingia kichwa kinagonga, muuzaji anachota vidonge kwenye kopo la elfu moja, anahesabu, anatumbukiza, anaandika "2x2" kwa kalamu, anakukabidhi pamoja na chenji yako. Jina la dawa limebaki kwenye kopo.

Mimi hilo naliona ni noma, na nina sababu.

Jirani yangu hapa Magomeni, binti wa miaka ishirini na ushee, anajua tangu shule kwamba mwili wake haupatani na salfa. Akimeza tu, anawashwa na kuvimba midomo. Mwaka jana kifua kilimbana, akapitia duka moja la dawa akitoka kibaruani. Akapewa vidonge vyeupe, 2x2. Akauliza, "Dawa gani hii?" Akajibiwa, "Ya kifua, dada." Basi.

Siku ya pili usiku midomo imechubuka, malengelenge mdomoni, macho mekundu kama pilipili. Tukamkimbiza hospitali. Swali la kwanza la daktari: "Umemeza dawa gani?" Tukamwonyesha kibahasha. Akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. 2x2! Ilibidi kaka yake apande daladala hadi dukani, akomae pale mpaka aonyeshwe kopo. Limeandikwa cotrimoxazole, na chini yake kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: sulfamethoxazole miligramu 400, trimethoprim miligramu 80. Hiyo "sulfa" ya mwanzoni ndiyo adui yake mwenyewe! Alilazwa siku tisa. Na huyu dada kusoma anajua, tena vizuri tu. Alichonyimwa ni cha kusoma.

Wataalamu wa famasi wanafundishwa kwamba hata dawa ikitoka kwenye kopo, kibahasha kiwe na jina la dawa, nguvu yake, jina la mgonjwa, namna ya kutumia na tarehe. Vingine vimechapwa kabisa mistari ya kujaza hayo yote. Mistari inabaki mitupu, eti kuna foleni.

Najua wajanja mtasema, "Aah, sisi tunanunua zile zenye bati la kung'aa mgongoni." Poa, lakini uangalie mkasi! Tarehe ya mwisho wa matumizi mara nyingi hugongwa kwenye ncha moja tu ya ule ukanda. Ukinunua vidonge vinne vikakatwa upande wa pili, umeondoka na dawa isiyojulikana inakufa lini. Mwambie akuonyeshe ncha yenye maandishi kabla hajakata. Ukiona EXP na mwezi bila siku, ujue inatumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo.

Halafu kuna mchezo wa majina. Jina kubwa la mbwembwe kwenye boksi ni la kampuni. Lile dogo la chini ndiyo dawa yenyewe. Mshikaji ana mafua, anameza Panadol, saa hiyo hiyo anaongeza vidonge vya mafua vya boksi jingine. Ageuze aone: mara nyingi kote kumeandikwa "paracetamol". Kwa mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akipitiliza, ini ndilo linalobeba msalaba.

Na ile karatasi iliyobandikwa mdomoni mwa chupa, ambayo wengi tunaibandua kwa hasira, ina historia ya damu. Mwaka 1982, huko Chicago na vitongoji vyake, watu 7 walikufa baada ya mtu kutia sumu ya sayanaidi kwenye vidonge vya Tylenol vilivyokuwa vinauzwa madukani. Hakuna aliyehukumiwa kwa vifo vile. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikaamuru dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari zifungwe kwa namna ambayo zikiguswa, mnunuzi ataona. Kwa hiyo ukipewa chupa ambayo karatasi yake imeshatobolewa, irudishe hapo hapo kaunta. Muuzaji akinuna, mwache anune.